Kizazi Kinaposhuka: Namna Seli za Mwili Zinavyoupokea Mzigo

Kushuka kwa kizazi na viungo vingine vya nyonga ni tatizo linalowapata wanawake wengi wa Afrika Mashariki, lakini ni wachache wanaolisema. Utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba sehemu ya maelezo yake imo ndani ya seli ndogo zinazotengeneza nyuzi za kuvishikilia viungo hivyo. Seli hizo huuhisi mvutano na kuujibu, na wakati mwingine hushindwa kuumudu.

Springi ya chuma na nyuzi za mwili

Mkazi wa Kigali aliyewahi kutafuta kipuri cha gari anaijua Gatsata. Sekta hii ya wilaya ya Gasabo, iliyo kando ya barabara iendayo Gatuna na karibu na kituo kikuu cha mabasi cha Nyabugogo, ni mahali pa gereji na maduka ya vipuri, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo mafundi na wateja huelewana kwazo. Fundi wa huko hahitaji kufundishwa kwamba springi ya gari linalopakiwa kupita kiasi haivunjiki siku ya kwanza. Hulala kidogo kidogo, hadi siku moja gari linaonekana limeinama upande mmoja hata likiwa tupu.

Katika mitaa hiyohiyo inayopanda mlimani, wanawake hupandisha mizigo kichwani: jerikani ya lita 20 ya maji, ambayo uzito wake ni kilo 20, au kapu la parachichi, au gunia la makaa, na mara nyingi mtoto yumo mgongoni. Mwili nao una springi zake, ila kuna tofauti moja kubwa. Springi ya chuma haiwezi kujitengeneza; ikishalala, hubadilishwa. Nyuzi za mwili hujitengeneza, kwa sababu ndani yake wamo mafundi hai. Ili kuelewa kwa nini kizazi hushuka, hatuna budi kuwafahamu mafundi hao: wanajuaje kwamba mzigo umeongezeka, wanafanya nini wanapoujua, na ni wakati gani kazi yao inaharibika.

Tatizo lenyewe ni lipi?

Nyonga ya mwanamke imebeba viungo vitatu vikuu: kibofu cha mkojo upande wa mbele, mfuko wa uzazi katikati, na nyuma yake puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Vishikizi vya viungo hivi vinapolegea, kimoja au zaidi hushuka na kuusukuma ukuta wa uke. Madaktari huupima ushukaji huo kwa hatua, kuanzia sifuri hadi nne. Katika hatua ya kwanza mwanamke aghalabu hahisi kitu chochote. Katika hatua ya pili kiungo kimefika karibu na mlango wa uke. Katika hatua ya tatu na ya nne kimetokeza nje, sehemu yake au chote.

Dalili zake huja polepole. Mwanamke huhisi uzito chini ya tumbo unaozidi kadiri siku inavyokwenda na kupungua anapolala. Huhisi kama ameketi juu ya kitu kilicho mviringo. Haja ndogo humtoka anapokohoa, au kinyume chake, hukataa kutoka yote. Wengine hupata taabu ya haja kubwa, maumivu ya mgongo, au maumivu wakati wa tendo la ndoa. Ni mara chache tatizo hili huua. Hata hivyo, huweza kumnyima mwanamke kazi, faragha ya ndoa na utulivu wa ibada, na kwa kuwa linahusu sehemu za siri, huweza kufichwa kwa miaka mingi, hata kwa mume na kwa mama mzazi.

Inafaa kulitofautisha na fistula ya uzazi, ambayo ni tundu linalotokea kati ya uke na kibofu au puru baada ya uchungu wa muda mrefu, na kumfanya mwanamke avuje mkojo au haja kubwa bila kukoma. Katika kushuka kwa kizazi hakuna tundu; viungo ni vizima, ila vimeacha mahali pake. Matibabu ya matatizo haya mawili hayafanani.

Jahazi gatini

Madaktari wa fani hii hutumia mfano ambao watu wa pwani wangeutambua mara moja. Viungo vya nyonga ni kama jahazi lililotia gati. Maji yanayolibeba ni misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandazwa chini kama chandarua. Kamba zinazolifunga gatini ni kano na tando ngumu zinazotoka kwenye mifupa ya nyonga hadi kwenye kizazi, kibofu na kuta za uke. Maji yakiwa mengi, kamba hukaa bila kukazika. Kazi yake ni kulizuia jahazi lisielee huku na huko. Maji yakipungua, uzito wote huhamia kwenye kamba, na hakuna kamba iliyosokotwa ili kulining'iniza jahazi hewani siku zote.

Mwaka 1992, daktari wa Marekani John DeLancey alieleza kwamba kamba hizo ziko katika ngazi tatu: za juu huning'iniza kizazi na sehemu ya juu ya uke, za kati huushikilia uke pembeni, na za chini huuunganisha na misuli na ngozi iliyo kati ya miguu. Tangu hapo maelezo hayo yamekuwa mwongozo wa madaktari wa upasuaji duniani kote, kwa sababu kila ngazi inapolegea huleta aina yake ya ushukaji.

Lakini kamba hizi zimefumwa kwa nini, na nani huzifuma?

Fundi aliye ndani ya uzi

Kano na tando za nyonga ni tishu unganishi. Kiini chake ni nyuzi za protini za aina mbili. Ya kwanza ni kolajeni, ambayo huipa tishu nguvu ya kuhimili mvutano. Kolajeni ya aina ya I ni nene na imara. Ile ya aina ya III ni nyembamba na hupindika kwa urahisi zaidi. Ya pili ni elastini, ambayo hunyumbuka na kurudi, kama mpira. Tishu nzuri inahitaji zote kwa uwiano: kolajeni ili isikatike, na elastini ili irudi mahali pake baada ya kuvutwa.

Kati ya nyuzi hizo zimetapakaa seli nyembamba zinazoitwa faibroblasti. Hizi ndizo zinazotengeneza kolajeni na elastini na kuzitoa nje ya seli, ambako nyuzi hufungamanishwa. Hizohizo pia hutoa vimeng'enya vya kukata nyuzi kuukuu, na hutoa vizuizi vya kuvidhibiti vimeng'enya hivyo visikate kupita kiasi. Kwa hiyo faibroblasti ni mjenzi na mbomoaji kwa wakati mmoja. Tishu yenye afya ni ile ambayo ujenzi na ubomoaji vinalingana. Ikihitaji kuimarishwa, ujenzi hutangulia kidogo. Ikihitaji kulainika, kama wakati wa ujauzito, mizani hubadilika tena.

Swali ni hili: seli isiyo na jicho wala mshipa wa fahamu huamuaje lini ijenge na lini ibomoe?

Seli huuhisije mvutano?

Jibu ni kwamba seli hushika nyuzi kwa mikono yake. Juu ya utando wa seli kuna protini ziitwazo integrini. Kwa nje, integrini imeikamata kolajeni. Kwa ndani, imefungwa kwenye vijiti vya protini nyingine iitwayo aktini, ambavyo ndivyo kiunzi cha seli. Kano inapovutwa, kolajeni huivuta integrini, integrini huivuta aktini, na mvutano husafiri hadi kwenye kiini cha seli, mahali penye jeni. Ni kama mtu aliyeshika kamba gizani: haoni kilicho upande wa pili, lakini anajua kwa mkono wake kama kinavuta au kimetulia.

Njia ya pili ni ya milango. Mwaka 2010, kundi la mwanasayansi Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Lebanoni anayefanya kazi Marekani, lilitambua protini zilizopewa jina la Piezo. Hizi ni milango midogo kwenye utando wa seli ambayo hufunguka utando unaponyooshwa au kubonyezwa, ikaruhusu chembe za kalisi kuingia. Kuingia kwa kalisi ni ishara ambayo seli huielewa. Kwa ugunduzi huo, Patapoutian alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2021 pamoja na David Julius, aliyechunguza namna mwili unavyohisi joto.

Njia ya tatu ilielezwa mwaka 2011 na kundi la Stefano Piccolo katika mji wa Padova nchini Italia. Walionyesha kwamba protini iitwayo YAP hukaa nje ya kiini cha seli wakati seli imelala juu ya kitu laini, lakini huingia ndani ya kiini seli inapokuwa juu ya kitu kigumu au inapotanuliwa. Ikiisha kuingia, huamsha jeni za kukua na kujenga. Kwa maneno mengine, ugumu wa mahali seli inapokaa ni habari inayofika hadi kwenye jeni.

Hatimaye yupo fundi wa dharura. Mwaka 1971, Giulio Gabbiani na wenzake walieleza kwamba katika kidonda kinachopona, faibroblasti hugeuka kuwa seli yenye nguvu ya kujikunja kama msuli. Wataalamu huiita mayofaibroblasti. Huvuta kingo za kidonda zikaribiane, na hutengeneza kolajeni kwa wingi. Kazi ikiisha, inapaswa kuondoka. Isipoondoka, hubaki kovu gumu.

Mvutano unapozidi kipimo

Ili kuuona mwitikio huo, watafiti huchukua kipande kidogo cha ukuta wa uke au cha kano kutoka kwa wanawake wanaofanyiwa upasuaji, wakaziotesha seli zake juu ya utando mwembamba wa silikoni. Chini ya utando huo mashine huvuta hewa, na utando hutanuka na kurudi, tena na tena, kwa saa nyingi. Seli zilizo juu yake huvutwa kama zinavyovutwa mwilini.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba seli hujipanga. Zikivutwa upande mmoja kwa kurudiwarudiwa, faibroblasti hugeuka na kulala kuikingama njia ya mvutano, kama watu wanaogeuza ubavu kwa upepo mkali. Jambo la pili ni kwamba kipimo ndicho kinachoamua matokeo. Mvutano wa wastani huchochea ujenzi wa nyuzi. Mvutano mkubwa na wa muda mrefu, kama maabara kadhaa zilivyoona, hugeuza mizani: vimeng'enya vya kukata huongezeka, kolajeni mpya hupungua, mabaki yenye sumu ya oksijeni hurundikana ndani ya seli, na baadhi ya seli hufa.

Mwaka 2013, watafiti wa Amsterdam nchini Uholanzi walilinganisha seli za wanawake walioshukwa na kizazi na za wale ambao hawakushukwa. Waligundua kwamba makundi hayo mawili hayaujibu mvutano kwa namna moja, na kwamba tofauti hiyo ilitegemea pia aina ya uso ambao seli zilikalia. Mwaka 2016, watafiti waliripoti kwamba seli za uke za wanawake wenye tatizo hili hutengeneza nyuzi zenye kolajeni nyingi zaidi na zilizo ngumu zaidi. Mtu angetarajia kinyume chake, yaani kwamba tishu iliyolegea ingekuwa na nyuzi chache. Lakini wingi wa kolajeni si sawa na uimara wake. Nyuzi zilizorundikwa kwa haraka, bila mpangilio na bila elastini ya kutosha, hufanana na kovu: ngumu kwa kuguswa, lakini haziwezi kunyumbuka na kurudi.

Na ugumu huo huendeleza tatizo. Tumeona kwamba seli iliyo juu ya kitu kigumu huchochewa kujenga zaidi. Inapojenga zaidi, mazingira huzidi kuwa magumu, na fundi wa dharura aliyepaswa kuondoka hubaki kazini.

Lipo swali ambalo wanasayansi wenyewe hulikiri. Seli nyingi zilizochunguzwa zilitoka kwa wanawake ambao tayari walikuwa wameshukwa. Je, hitilafu ya seli ndiyo iliyokilegeza kizazi, au kizazi kilicholegea ndicho kilichozivuta seli hadi zikaharibika? Kipande cha tishu kilichochukuliwa siku moja hakiwezi kujibu swali hilo peke yake.

Sehemu ya jibu ilitoka kwa panya. Mwaka 2004, watafiti nchini Marekani walieleza juu ya panya wasio na kimeng'enya kiitwacho LOXL1, ambacho hufungamanisha nyuzi za elastini. Panya jike hao walibeba mimba na kuzaa, lakini baada ya kuzaa hawakuweza kuzirudisha nyuzi za elastini, na viungo vyao vya nyonga vikashuka. Ina maana kwamba kuvutwa wakati wa kuzaa ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni ukarabati unaofuata, kama unakamilika au haukamiliki.

Siku ya kujifungua na wiki baada yake

Hakuna mvutano katika maisha ya mwanamke unaolingana na ule wa kujifungua kwa njia ya kawaida. Mwaka huohuo wa 2004, wahandisi na madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walitengeneza kielelezo cha kompyuta cha misuli ya sakafu ya nyonga wakati kichwa cha mtoto kinapopita. Waliona kwamba sehemu ya misuli iliyo karibu zaidi na njia ya uzazi hulazimika kunyooka hadi mara 3.26 ya urefu wake. Mwili huweza jambo hilo kwa sababu katika ujauzito homoni hulainisha tishu mapema. Hata hivyo, kwa baadhi ya wanawake misuli hiyo hung'oka inaposhikana na mfupa, na hapo maji ya bahari yetu yamepungua: kamba zinaachiwa uzito.

Baada ya mtoto kuzaliwa huanza ukarabati mkubwa. Kizazi hurudi kwenye ukubwa wake kwa muda wa takriban wiki sita. Faibroblasti hukata nyuzi zilizochanika, hufuma kolajeni mpya, na hutengeneza elastini, jambo ambalo tishu nyingi za mtu mzima hazilifanyi tena. Nyuzi mpya bado hazijafungamana sawasawa. Zikivutwa kwa nguvu wakati huo, hufungamana zikiwa zimekwisha kurefuka.

Hapa desturi za wazee wetu zinastahili kutazamwa upya. Waswahili wana arobaini, siku ambazo mzazi hutunzwa ndani na kuondolewa kazi nzito. Wanyarwanda wana ikiriri, mahali pa mapumziko ya mama aliyejifungua, na jamaa huja kumpongeza kwa chakula na vinywaji. Siku 40 hazipishani sana na wiki sita za madaktari. Hii haina maana kwamba mzazi alale kitandani bila kuondoka. Kulala mno huleta hatari ya damu kuganda miguuni, na seli zenyewe huhitaji mvutano kidogo ili zijue zifume nyuzi upande gani. Kutembea ni kuzuri. Ni jerikani, gunia na jembe ndivyo vinavyopaswa kusubiri.

Ushahidi wa Kilimanjaro

Katika Afrika Mashariki, uchunguzi mmoja wa kina ulifanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2018. Wanawake zaidi ya 1,000 wa vijijini walipimwa. Zaidi ya nusu walionekana kuwa na ushukaji wa hatua ya pili au zaidi, ingawa wale wa hatua za juu kabisa walikuwa wachache. Tatizo lilihusiana na umri, idadi ya uzazi, kazi ya kilimo, na kubeba vitu vizito kwa saa nyingi. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi kwamba mzigo ndio chanzo, lakini unapatana na yale yaliyoonekana katika maabara: mvutano wa mara nyingi, juu ya tishu iliyokwisha kuvutwa kwa uzazi, bila nafasi ya kutosha ya kupona.

Nchini Nepali, ambako wanawake wa milimani hubeba mizigo mizito mara tu baada ya kujifungua, suala hili lilifika mahakamani. Mwaka 2008 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba kushuka kwa kizazi ni suala la haki ya uzazi, na ikaitaka serikali ichukue hatua. Jambo lililokuwa siri ya nyumbani likawa wajibu wa dola.

Rwanda imepiga hatua yake. Zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 sasa hujifungulia katika vituo vya afya, na idadi ya watoto kwa kila mwanamke imepungua sana ikilinganishwa na miaka ya mwanzo ya 2000. Mwaka 2023 sheria iliongeza likizo ya uzazi hadi wiki 14. Lakini likizo hiyo ni ya mwenye mwajiri. Mwanamke anayebeba kapu kutoka Nyabugogo kupanda Gatsata hana wa kumwandikia barua ya likizo. Kwake, likizo ni mume, dada, wifi au jirani atakayekubali kubeba maji kwa wiki sita.

Funzo la nyavu za plastiki

Kwa miaka kadhaa, madaktari katika nchi tajiri walifikiri wamepata njia fupi: kutia wavu wa plastiki kupitia ukeni ili ushikilie viungo mahali pa kano zilizolegea. Wanawake wengi walipata maumivu makali, na kwa wengine wavu ulitoboa ukuta wa uke. Mwezi Aprili mwaka 2019, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamuru nyavu hizo za kutibia ushukaji kupitia ukeni zisiuzwe tena nchini humo. Uingereza ilikuwa imesimamisha matumizi yake mwaka uliotangulia.

Sababu ni kadhaa, na mojawapo inarudi kwa seli zetu. Wavu mgumu hubeba mzigo wote. Tishu iliyo chini yake haivutwi tena, na faibroblasti isiyohisi mvutano huacha kujenga na kubaki kubomoa. Ukuta hukonda badala ya kupona. Hivyo mvutano uliozidi huharibu, na mvutano uliokosekana kabisa huharibu pia. Watafiti sasa wanatafuta vifaa vinavyonyumbuka kama tishu yenyewe, ili seli ziendelee kuhisi na kufanya kazi.

Kipi kinaweza kufanywa?

Jambo la kwanza ni kupimwa. Kwa mwenye bima ya Mituelle, mlango ni kituo cha afya cha karibu, ambako mgonjwa huweza kupewa rufaa ya hospitali. Msomaji ambaye Kinyarwanda chake ni kidogo na akumbuke neno moja: nyababyeyi, yaani kizazi. Akieleza kwamba anahisi nyababyeyi imeshuka, muuguzi ataelewa, na hatashangaa.

Kwa hatua za mwanzo, mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga husaidia. Yalianza kufahamika kupitia daktari Arnold Kegel wa Marekani mwaka 1948. Mwaka 2014 jarida la tiba la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa katika vituo 25 vya Uingereza, New Zealand na Australia, likiwahusisha wanawake 447. Waliofundishwa mazoezi ana kwa ana walikuwa na dalili chache zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko wale ambao hawakufundishwa. Zoezi lenyewe ni kukaza misuli kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, kushikilia kwa sekunde chache, kisha kulegeza kabisa kabla ya kurudia. Kulegeza ni muhimu sawa na kukaza. Inafaa kuelekezwa na mkunga au mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa wengi hukaza matako au tumbo bila kujua.

Kipo pia kipete cha mpira au silikoni, kiitwacho pesari, ambacho huwekwa ukeni kushikilia viungo. Hakihitaji kisu, huweza kutolewa na kusafishwa, na humfaa hata mwanamke ambaye bado anataka kuzaa. Kwa hatua za juu upo upasuaji wa kuzikaza upya kano kwa kutumia tishu ya mgonjwa mwenyewe, na mara nyingine wa kuondoa kizazi.

Nyumbani, yale yanayoupunguza msukumo ndani ya tumbo ni msaada wa kweli. Kutibu kikohozi kisichoisha na kutoa moshi wa makaa jikoni ni kupunguza maelfu ya misukumo kwa mwaka. Kunywa maji ya kutosha na kula mboga na matunda huzuia kujikamua chooni. Jerikani mbili za lita 10 kwa safari mbili ni nafuu kuliko moja ya lita 20 kwa safari moja. Kwa waliokoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua na tishu huzidi kukonda. Daktari huweza kutoa dawa ya kupaka.

Mwanamke aliyeona uvimbe ukitoka ukeni, anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi, au ambaye mkojo umekataa kabisa kutoka, asingoje: aende hospitali siku hiyo.

Mengi kuhusu seli hizi bado yanatafitiwa, na dawa ya kuziamuru zijenge upya nyuzi za nyonga haijapatikana. Yanayofahamika, hata hivyo, yanatosha kuondoa lawama. Mwanamke aliyeshukwa na kizazi hakulaaniwa, wala hakufanya uchafu wowote. Alibeba, akazaa, akabeba tena kabla nyuzi hazijafungamana. Mafundi waliomo ndani ya mwili wake wanaijua kazi yao. Wanachohitaji ni mzigo wa kipimo, na siku za kutosha za kuimaliza.